Fundi wa Oldham aliyekataa kaseti za wazee zikatwe

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne, mvua ya Oldham, kaskazini mwa Uingereza, inanyesha kama haina pengine pa kwenda. Jobeda Khatun anafungua duka lake la kurekebisha nguo mtaani Westwood, anawasha taa, anabandika birika, kisha anaketi mbele ya cherehani bila kuigusa.

Mezani kuna suruali tisa za kupunguzwa, koti la bwana harusi na begi lililokatika zipu. Vyote vitasubiri. Anachovuta kwanza ni kaseti ya zamani ya dakika sitini, iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu jina la mtu aliyekwisha kufariki.

Kwa kichuma kilekile anachofumulia mishono, anang'oa vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti. Tak. Tak. Kaseti ikishang'olewa vijino hivyo, mashine haiwezi tena kurekodi juu yake.

"Mia nne na kumi na moja," anasema, akiilaza kwenye sanduku la viatu. "Huyu sasa hafutiki. Aje waziri, aje mfalme, hafutiki."

Bi. Jobeda ana miaka sitini na miwili. Wiki ikiwa njema, duka humwachia pauni mia mbili na arobaini baada ya kodi ya pango. Vijana wa mtaa wanamwita Khala, kama wanavyomwita dada wa mama zao, na wanamwogopa vivyo hivyo. Mwandishi wa makala haya ameishi jirani naye miaka kumi na minane na hajawahi kuona mtu akimshinda kwa maneno.

Alifika mwaka 1979, akiwa na miaka kumi na saba, kutoka kijiji kimoja cha Biswanath, Sylhet, nchini Bangladesh. Alimfuata mumewe, Moshahid Ali, aliyekuwa akifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha kusokota pamba. Kiwanda kilipofungwa miaka mitatu baadaye, Moshahid aliingia jikoni mwa mgahawa, na Jobeda akaletewa cherehani chumbani.

"Vitambaa vya ndani vya makoti, peni thelathini na tano kwa koti," anakumbuka. "Watoto walilala juu ya marobota. Wanaoandika habari za mji huu watakuambia kuhusu wanaume na viwanda. Sisi tuliokuwa nyuma ya mapazia tukishona, hatukuja? Tuliota tu kama uyoga?"

Sauti za watu hao, wa nyuma ya mapazia na wa mbele, ndizo zilizomo ndani ya masanduku yake ya viatu. Mama yake Jobeda hakujua kusoma. Jobeda mwenyewe aliishia darasa la tatu. Barua ilimaanisha kumpa siri zako mwandikaji wa sokoni, naye hakuwa na kifua. Kaseti haikuwa na umbeya.

Mtu akisafiri kwenda Sylhet, alibebeshwa kaseti za mtaa mzima, zimeviringishwa ndani ya fulana zisije zikavunjika. Kule kijijini watu walizunguka redio kaseti, wakasikiliza, wakalia, wakacheka. Kisha wakarekodi jibu juu ya kaseti hiyohiyo na kuirudisha kwa msafiri mwingine.

Hapo ndipo penye msiba wenyewe. Kila aliyejibu alimfuta aliyemsemesha.

"Hatukuona kama tunafuta," anasema. "Jirani akikuletea sahani ya chakula, unairudisha tupu? Unaitia kitu. Kaseti ilikuwa hivyo. Ukae na yake, ununue nyingine ya kujibia? Wangesema mchoyo huyo, amekalia ya mwenzake."

Kulikuwa na adabu mbili nyingine. Kabla hujasema lako, ulirudia yote uliyoambiwa, moja baada ya jingine, ili mwenzako ajue yamefika. Umesema ng'ombe amezaa, nimesikia. Umesema mguu unauma, nimesikia. Na ukisikia salamu ya mwisho ya kuagana, ulizima papo hapo. Kuendelea kusikiliza mtu aliyekwisha kukuaga kulikuwa sawa na kusimama nyuma ya mlango wake.

Jobeda alianza kukusanya kaseti miaka sita iliyopita, bila mpango wowote. Kizee wa nyumba ya nne alifariki, na watoto wake wakaweka pipa kubwa la takataka barabarani. Alipokuwa akipita na vitunguu vyake, aliona kaseti juu ya godoro bovu.

"Khala, hizo ni nyimbo za filamu tu," mtoto wa marehemu alimwambia.

"Nyimbo?" alijibu Jobeda, nusu ya mwili wake ikiwa tayari pipani. "Hii niliibeba mimi mwenyewe kutoka Sylhet, ndani ya fulana ya mume wangu! Humu kuna bibi yako anauliza kama umeota meno!"

Tangu siku hiyo hakuna nyumba inayosafishwa Westwood bila yeye kubisha hodi. Amechukua kaseti kutoka kwenye mapipa, makabati ya jikoni, na kwa mtu mmoja aliyekuwa amezitumia kuegemeza friji. Huandika jina, huzisikiliza alasiri wateja wakipungua, kisha hung'oa vijino.

Lakini jambo lililomfanya awe mkaidi kama alivyo leo lilitokea miaka miwili iliyopita, na lilitokea kwa sababu mzee mmoja alisinzia.

Mzee huyo ni Toimus Ullah, mwenye miaka sabini na mitatu, aliyefanya kazi kiwanda kimoja na marehemu Moshahid na ambaye humwita Jobeda shemeji. Alileta kaseti ya mama yake ya mwaka 1976. Mama akazungumza, akaaga. Toimus ndiye aliyetakiwa kuzima, ila alikuwa amepitiwa na usingizi, biskuti mkononi. Jobeda alikuwa amefunikwa na gauni la harusi mpaka kidevuni. Mlangoni alisimama Rushna Bibi, mwenye duka la pili linalouza mboga, ng'onda na tambuu.

Kaseti iliendelea kuzunguka kimya. Kisha akalia mwanamume.

"Huyu nani analia kama mbuzi aliyesahauliwa mvuani?" aliuliza Rushna.

Jobeda akasimamisha cherehani. Sauti ilikuwa ya kijana. "Mama, nirudishe. Pamba imenijaa kifuani. Nakohoa nyuzi. Mama, wewe uza lile shamba la bondeni unirudishe."

Mzee akazinduka, biskuti ikamdondoka. "Zima! Zima, shemeji!"

"Sizimi."

"Mimi si huyo!"

"Shamba la bondeni la nani? Langu?"

"Miaka yote hii unatuambia hujawahi kutoa chozi," Rushna alimdaka. "Si ulisema ulimnyanyua msimamizi wa kiwanda kwa mkono mmoja?"

"Nilikuwa na mafua," alisema mzee.

Walicheka mpaka Rushna akatema tambuu. Kisha Rushna akaingia ndani na kuketi, kwa sababu kijana yule alikuwa bado analia.

Jobeda, ambaye kazi yake ni kupima, alielewa mara moja. Jibu la mama lilikuwa fupi kuliko maneno ya mwanawe. Pale mama alipoishia, maneno ya zamani ya mwana yalikuwa yamebaki kwenye utepe. Yalikuwa pale karibu miaka hamsini, na hakuna aliyewahi kuyasikia, kwa sababu wote walikuwa na adabu ya kuzima.

Aliyaita mikia. Akaanza upya kusikiliza kaseti zote hadi mwisho, na mpaka sasa amepata mikia mia moja na sitini na tatu. Kuna mwanamke anayekiri kwamba mume anampiga. Kuna kijana anayeimba. Kuna mtu anayesoma orodha ya bei za kuku, na hata huyo Jobeda hataki akatwe.

Neno kukatwa halikuzuka hewani. Mwaka jana jumba moja la makumbusho la jirani lilianza kuandaa maonyesho kuhusu safari ya Wabengali kuja mji huu. Ofisa wake, Fiona Ashworth, alifika dukani, akaketi kwa heshima, akala handesh nne, yaani maandazi ya unga wa mchele na sukari guru, na kuchukua kaseti thelathini kwenda kuzinakili.

Nakala zilirudi safi kama hospitali. Jobeda alizipima kwa saa ya ukutani. Upande wa kaseti ya Toimus, wenye dakika thelathini, ulikuwa umebaki na tatu.

Alimpigia simu ofisa, akaja. Mazungumzo yao, ambayo mwandishi aliyashuhudia akiwa ameleta suruali, yalifanyika kwa Kiingereza cha Oldham, cha Jobeda kikiwa na pilipili zaidi.

"Bi. Khatun, tuliondoa kelele, marudio, na mabaki ya rekodi za zamani," alisema Bi. Ashworth. "Mgeni hawezi kusimama dakika thelathini."

"Aketi. Hamna viti?"

"Na yale marudio, kila mtu anarudia alichoambiwa. Yanachosha."

"Anarudia kwa sababu amesikia. Wewe nimekuambia mara tatu usikate, hujarudia hata mara moja. Ndiyo maana najua hujanisikia."

Ofisa aliona haya, na kwa haki yake tuseme kwamba aliona haya kweli. Lakini barua iliyokuja wiki mbili baadaye haikuwa na haya. Kaseti zote ziwe mali ya jumba. Zikishanakiliwa kwa namna yao, za asili zitaondolewa kwa uhaba wa nafasi. Sahihi itiwe kabla ya Ijumaa hii, la sivyo maonyesho yaendelee bila kaseti za Westwood.

Kuondolewa, Jobeda anajua maana yake. Alizitoa pipani, na barua inazirudisha pipani.

Jumapili wajumbe watatu wa kamati ya jumuiya walikuja dukani, wamevaa makoti mazuri. Walitaka atie sahihi. Wamesubiri miaka mingi mji huu uwatundike ukutani, na sasa mwanamke mmoja amesimama mlangoni.

"Wajukuu wetu watatuona, dada," alisema mkubwa wao.

"Watawaona mmevaa suti. Mimi nataka wawasikie."

"Historia ya watu wote imekuwa ya mtu mmoja?"

"Nilipokuwa kichwa chini miguu juu pipani, nyie watu wote mlikuwa wapi?"

Waliondoka bila hata kumaliza chai. Mmoja alirudi baada ya dakika tano kuchukua mwavuli, na Jobeda akampunguzia mikono ya koti bure, kwa kuwa ilikuwa inamkera kuitazama.

Yote hayo angeweza kuyamudu kwa mdomo wake. Asilolimudu limo ndani ya kopo la biskuti, chini ya meza ya kukatia.

Mwaka 1986 mama yake alimtumia kaseti. Jobeda aliisikiliza mara moja, na wiki hiyohiyo akarekodi jibu juu yake, kama kawaida. Hakukuwa na msafiri. Kaseti ikakaa dirishani ikisubiri. Siku ya kumi na tisa simu ikapigwa kwenye duka la pembeni: mama amefariki. Zile ndizo zilizokuwa sauti zake za mwisho, na mwanawe alikuwa amezifuta.

"Kwa kidole hiki," anasema, akikionyesha. Kina kovu la sindano.

Miaka thelathini na minane hajaicheza kaseti hiyo. Baada ya kugundua mikia, hofu iliongezeka badala ya kupungua. Kama jibu lake lilikuwa fupi, mkia wa mama upo. Kama aliijaza kaseti, hakuna kitu. "Nisiposikiliza, naweza bado kusema labda," anasema.

Jumanne hii, saa nne, Mzee Toimus anakunywa chai yake ya pili. Rushna ameegemea mlango. Barua ya jumba la makumbusho iko mezani, haijatiwa sahihi. Mzee anaitazama, kisha anatazama chini ya meza.

"Shemeji, kilio changu umekianika mtaa mzima. Watoto wananiita mbuzi. Na unawaambia makumbusho kila kitu kisikilizwe mpaka mwisho. La kwako limekaa ndani ya kopo. Ndiyo haki hiyo?"

Kwa mara ya kwanza mwandishi anamwona Jobeda Khatun akishindwa kwa maneno.

Anainuka, anageuza kibao cha mlangoni kiseme pamefungwa, anavuta kopo. Anamkabidhi Rushna kaseti. Rushna anaitia kwenye redio kaseti.

"Dada, nakuonya mapema," Rushna anasema kwa upole usio wa kawaida yake. "Wewe na kumwachia mtu nafasi ya kusema, wapi na wapi."

Sauti inayotoka ni nyembamba na ya haraka. Ni Jobeda wa miaka ishirini na minne. Anasalimu, anaanza kurudia aliyoambiwa, kama ilivyokuwa adabu. Jobeda wa leo hayasikilizi maneno. Anatazama utepe ukipungua.

Dakika kumi. Kumi na tano. Binti wa kwenye kaseti anafika kwenye habari zake, anasimulia makoti, anasimulia kikohozi cha mtoto, anasimulia theluji iliyoziba mlango.

"Nyamaza," Jobeda anaiambia sauti yake mwenyewe. "Nyamaza, we mtoto. Nyamaza umwachie."

Binti hanyamazi. Upande wa kwanza unaisha, wanageuza. Anaendelea. Utepe unamkata katikati ya sentensi kuhusu bei ya samaki, kabla hata hajaaga. Tak.

Hakuna mkia.

Rushna hatanii. Jobeda anakaa wima, viganja juu ya magoti, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Nilimjaza," anasema. "Nilimjaza mama yangu kwa bei ya samaki."

Mzee Toimus anaweka kikombe chini.

"Shemeji, yale mafuriko yalipoingia, mama yako aliwapandisha wapi kuku?"

"Juu ya kitanda."

"Na akikukumbuka, alikuwa anakaa wapi?"

"Kizingitini. Kwa sababu ndipo..." Anasita. "Nani kakuambia wewe?"

"Wewe. Sasa hivi. Ulikuwa unatazama utepe, hukusikia. Rudisha mwanzo."

Anarudisha mwanzo. Safari hii hakuna anayetazama utepe.

"Mama, umesema maji yaliingia mpaka jikoni ukapandisha kuku juu ya kitanda, ukalala nao, nimesikia. Umesema mke wa kaka amejifungua msichana na jina umempa mwenyewe, nimesikia. Umesema ukinikumbuka unakaa kizingitini, kwa sababu ndipo niliposimama nikivaa viatu vya safari, nimesikia. Umesema usiku huwa unaniita jina langu la utotoni halafu unajiitikia mwenyewe, nimesikia. Umesema nisilie nikisikia hayo. Nimesikia."

Dakika kumi na nne. Neno kwa neno, bila kuruka hata kuku, kwa mdomo wa binti aliyekuwa amefundishwa kwamba anayesemeshwa lazima athibitishe. Sauti ya mama haipo. Aliyoyasema yapo yote.

Rushna anasimamisha kaseti. Kisha Jobeda anapandwa na hasira, na ni hasira nzuri kuitazama.

"Marudio!" anasema, akipiga barua kwa kiganja. "Haya ndiyo marudio yanayowachosha! Ingekuwa mikononi mwao, wangeanzia kwenye makoti. Wangemkata mama yangu wakanibakizia bei ya samaki!"

Anachukua kichuma cha kufumulia. Tak. Tak. Kaseti ya mia nne na kumi na mbili.

Mipango yake haina mzunguko. Kuanzia Jumamosi ijayo chumba cha nyuma cha duka, penye marobota ya vitambaa, kitakuwa na viti sita na redio kaseti mbili. Kila Jumamosi alasiri, anayetaka kusikia watu wake aje. Masharti ni mawili: hakikatwi kitu, na hakuna kuzima baada ya salamu. Watakaotaka nakala watapewa nzima, na kikohozi chake.

Mwezi wa kwanza, Mungu akimjalia afya, atasafiri kwenda Sylhet. Sauti za juu kwenye kaseti zilizobaki Oldham ni za kijijini. Kaseti zilizobaki kule vijijini, kama hazijaliwa na mchwa, ndizo zenye sauti za waliokuja: Moshahid akitoka zamu, wanawake wa makoti, wote. "Zao ziko kwetu, zetu ziko kwao," anasema. "Nitabisha hodi mlango kwa mlango. Mnanijua."

"Tunakujua," anasema Rushna. "Tunawaonea huruma."

Barua ya jumba la makumbusho haitarudi na sahihi, lakini haitakosa jibu. Jobeda anatoa kaseti mpya, bado na karatasi yake ya nailoni, anaivua, anaitia mahali pake na kubonyeza kitufe chekundu.

"Bi. Ashworth, assalamu alaikum. Umesema mikia ni mabaki, nimesikia. Umesema marudio yanachosha, nimesikia. Umesema kaseti zikishanakiliwa zitaondolewa, nimesikia. Umesema nitie sahihi kabla ya Ijumaa, nimesikia. Sasa na wewe kaa kwenye kiti, unisikilize mimi."

Anazungumza dakika sitini kamili, pande zote mbili, suruali tisa zikisubiri. Kisha, kabla ya kuitia kaseti kwenye bahasha, anang'oa vijino.